Ukistaafu, kadi ya bima haifi

Kwenye vijiwe vya kahawa pale Kirumba, Mwanza, kuna usemi umeota mizizi: ukistaafu tu, kadi ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania) imekufa, kimbilia bima ya kampuni kabla kiinua mgongo hakijayeyuka. Si kweli. Mtumishi aliyechangia mfuko huo hadi anastaafu huendelea kutibiwa, yeye na mwenza wake, bila kukatwa hata senti. Wanaobaki nje ni watoto, na wengine hushtukia hilo wakiwa dirishani hospitali ya Bugando.

Bima ya ziada, basi, ikague kama sato wa mwaloni: mfunue mashavu kwanza. Tuseme unaombwa milioni 2 kwa mwaka. Presha na sukari uliyo nayo tayari itaanza kulipiwa lini? Kampuni nyingi huweka muda wa kusubiri, na ada hupanda kadiri umri unavyosogea. Kikomo cha matibabu ya kutwa, yale ya bila kulazwa, je? Kikiwa laki 8, na wewe si mtu wa kulazwa lazwa, mimi hiyo milioni 2 ningeiweka akiba, ya dawa zisizo kwenye orodha ya NHIF na nauli ya kwenda hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam.