Mfarishi ukishakamilika haufumuliwi

Juzi nimeletewa tena mfarishi wa viraka vya kanga, umeshashonwa hadi kingo, na ombi ni lilelile: "Fundi, nisaidie kuufumua." Kisa, kiraka kimoja chenye jina la kanga kimekaa kichwa chini. Nani aliwafundisha watu kwamba dawa ya kila kosa ni kufumua?

Kabla ya kuweka pamba ya kati, sawa, fumua upendavyo. Lakini tabaka tatu, yaani viraka juu, pamba katikati na kitambaa cha chini, zikishashikizwa pamoja, juu ya mishono ya viraka imepita mishono mingine. Ili utoe kiraka kimoja itabidi ukate na ya majirani zake. Pamba inavutika. Ile robo inchi iliyobaki ndani ya mshono inachambuka nyuzi, na ukirudisha kiraka hakuna tena pa kushonea. Kitenge kizito ndicho kinachonitia hasira zaidi, maana kimefumwa kwa kubana na matundu ya sindano hubaki yakionekana. Ulikuwa na kosa moja, sasa una matano.

Kiraka kibaya hufunikwa. Kata kingine cha kanga ileile, uzidishe robo inchi kila upande. Kifue kwanza! Kanga mpya ina wanga na hurudi ikifuliwa. Ukiibandika mbichi juu ya mfarishi uliokwisha kufuliwa, itakunjamana na kuvuta viraka vya jirani. Kunja kingo kwa ndani, piga pasi, shikiza kwa pini. Sindano itokee kwenye mkunjo wenyewe, izame papo hapo pembeni yake, itambae chini kidogo, itokee tena kwenye mkunjo. Uzi ufanane na kiraka kipya, si cha jirani. Mwisho pitisha upya mishono ya kushikiza, ukifuata mistari ya zamani.

Mshono ulioachia ni jambo jingine, huo usiulaze hata siku moja. Mara nyingi kitambaa kilishikwa kidogo mno. Uzibe kwa mkono kutoka juu, ukianzia inchi moja kabla ya tundu, pale ambapo bado umeshika. Rangi iliyochuja: rudisha mfarishi kwenye maji mengi ya sabuni ukiwa bado umelowa, na pasi isiusogelee.

Kuhusu lile jina lililogeuka, mimi ningeliacha. Mfarishi unatazamwa kutoka pande zote nne za kitanda. Anayesimama miguuni atalisoma vizuri kabisa. Tena kiraka juu ya kiraka huinuka, na palipoinuka ndipo panaposuguliwa zaidi. Kwa mfarishi wa kutundikwa ukutani hilo si neno. Kwa wa mtoto, utakaofuliwa kila wiki, nina shaka kama kifuniko kitadumu kuliko kile kilichofunikwa.