Kesi ya polisi aliyeua huharibikia eneo la tukio

Kila polisi anapomuua raia na picha zikasambaa, swali ninaloulizwa kama wakili wa jinai ni lile lile: mbona hajashtakiwa? Wengi huamini sheria inamkinga. Kwa majalada ya aina hii niliyoyasoma, tatizo mara nyingi si sheria. Kesi huwa imeshaharibika siku ile ile ya tukio, kabla mwendesha mashtaka hajaletewa chochote mezani.

Sheria yenyewe haina utata mkubwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto zinamruhusu askari kuua kwa makusudi pale tu ambapo hakuna namna nyingine kabisa ya kulinda uhai. Zinazitaka serikali ziyafanye matumizi holela ya nguvu kuwa kosa la jinai, na hazimwachi askari ajifiche nyuma ya amri ya mkubwa wake iwapo alijua ni haramu na alikuwa na nafasi ya kuikataa. Kukimbia peke yake hakumfanyi mtu awe tishio. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 1985 katika shauri la Tennessee v. Garner, lililotokana na kijana wa miaka 15 aliyepigwa risasi usiku akiparamia uzio.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Askari akisema "nilihofia ataniua", katika nchi nyingi ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha, bila kuacha shaka ya maana, kwamba haikuwa hivyo. Marehemu hawezi kujibu, na mara nyingi waliokuwa karibu ni askari wenzake. Basi vinabaki vitu. Maganda ya risasi yalidondokea wapi? Jeraha la kuingilia liko kifuani au mgongoni? Ngozi inayolizunguka ina masizi na chembe za baruti, au ni safi? Masizi huonekana pale mdomo wa bunduki ulipokuwa karibu sana. Yakikosekana, yale maelezo ya "tulikuwa tunang'ang'ania silaha" yanahitaji kuchunguzwa upya. Ila nguo huweza kuyanasa masizi yasifike kwenye ngozi, na ndiyo maana shati la marehemu likifuliwa au kutupwa, jibu linaweza kwenda nalo. Kuna pia daftari la ghala la silaha: nani alichukua bunduki ipi, akapewa risasi ngapi, akarudisha ngapi.

Sasa jiulize ni nani anayevishika vitu hivyo kwanza. Mwaka 1998 mjini Amsterdam, polisi walimuua kwa risasi kijana aliyekuwa amepora skuta kwa kutishia kwa bastola. Shauri hilo, Ramsahai dhidi ya Uholanzi, lilifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambayo mwaka 2007 iliona kwamba kumpiga risasi hakukuvunja haki ya kuishi. Hata hivyo Uholanzi ilikutwa na kosa kwa sababu ya uchunguzi. Kwa saa 15 na nusu za mwanzo, kazi kubwa ilifanywa na polisi wa kikosi kile kile. Mikono ya askari wawili waliohusika haikupimwa mabaki ya baruti, wawili hao hawakutenganishwa, na walihojiwa karibu siku tatu baadaye. Naipenda hukumu hii kwa sababu inamlinda hata askari asiye na hatia: uchunguzi mbovu humnyima nafasi ya kusafishika.

Mwaka 2020, taarifa ya kwanza ya polisi wa Minneapolis, Marekani, kuhusu George Floyd, aliyefia mikononi mwao, ilisema amefariki baada ya tatizo la kiafya. Haikutaja kwamba askari Derek Chauvin alimkandamiza shingoni kwa goti. Bila video ya msichana wa miaka 17 aliyesimama kando ya barabara, siamini kwamba Chauvin angefungwa miaka 22 na nusu.

Kuna mtego mwingine usiozungumzwa sana. Wakubwa wa kikosi wakimlazimisha askari ajieleze, la sivyo afukuzwe kazi, maelezo hayo huenda yasitumike kumshtaki. Marekani imekuwa hivyo tangu shauri la Garrity v. New Jersey la 1967. Uchunguzi wa kinidhamu ukitangulia ule wa jinai, au ukichanganyika nao, mtetezi hodari anaweza kuubomoa ushahidi mzima.

Kwa hiyo ninapokutana na familia, siku za mwanzo sizungumzii hukumu. Naomba wasizike kabla uchunguzi wa maiti haujafanyika, wadai daktari wanayemwamini awepo, jambo ambalo Itifaki ya Minnesota, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza vifo vya kutiliwa shaka, inalitambua, na waandike majina ya mashahidi mapema. Nguo wakikabidhiwa, waziache zikauke, wazitie kila moja kwenye mfuko wake wa karatasi, si wa plastiki, na waandike tarehe na jina la aliyewakabidhi.