Je, wajua kwa nini nesi hukuwekea waya kifuani kabla hujamwona daktari?

"Nimekuja kumwona daktari, nafungwa waya!" Malalamiko haya husikika sana kwa wagonjwa wa kifua, na yafaa yajibiwe vizuri, hasa hapa Lamu ambako maumivu ya kifua tumezoea kuyaita riahi, yaani upepo mwilini. Mtu husingwa mafuta, akanyweshwa tangawizi, akaambiwa ajilaze kidogo. Saa zinapita.

Mshtuko wa moyo mara nyingi hutokana na damu iliyoganda na kuziba mshipa unaoulisha moyo wenyewe. Msuli uliokosa damu huanza kufa, na ukishakufa haurudi. Dawa ya kuyeyusha bonge hilo hutolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na hufaa zaidi saa za mwanzomwanzo. Ndiyo maana miongozo ya Marekani na Ulaya inataka kipimo cha ECG, kinachosoma umeme wa moyo, kifanywe na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Daktari huenda yuko na mgonjwa mwingine. Nesi ndiye aliye mlangoni. Kwa hiyo hospitali nyingi duniani humruhusu nesi aliyefunzwa aanze mara moja: abandike vile vibandiko 10 vya waya wa ECG, atoe damu, ampe mgonjwa aspirini ya miligramu 300 ikiwa haimdhuru. Hutafunwa, haimezwi nzima, ili iingie mwilini upesi na kuzuia bonge lisikue. Karatasi ya ECG hupelekwa kwa daktari pale pale.

Kazi ngumu huja baadaye. ECG ya kwanza yaweza kuwa safi na moyo bado unaumia. Msuli ulioumia huvujisha protini iitwayo troponini, nayo huchukua saa kadhaa kuonekana vizuri kwenye damu. Lazima damu itolewe tena, baada ya saa 1 hadi 3 kwa vipimo vipya, au hata 6 kwa vya zamani. Sasa mwambie hayo mtu wa Faza, kisiwani Pate, ambaye boti yake lazima ipite mkondo wa Mkanda kabla maji hayajapwa!

"Sista, sijambo sasa. Niwache niwahi boti."

"Maji yatajaa tena, mzee wangu. Ngoja damu ya pili."

Kwangu mimi, nesi anayemshawishi mzee huyo abaki ametibu tayari.

Nesi pia huuliza sana: yalianza saa ngapi, yamepanda tayani, yameshuka mkononi? Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza wasiumwe kifua kabisa, wakaishia kukosa pumzi, kichefuchefu na jasho baridi. Na kuna swali ambalo wanaume huliinamia: je, umetumia dawa ya nguvu za kiume juzi, jana au leo? Si udaku. Ipo dawa ya kutanua mishipa inayowekwa chini ya ulimi, na zikikutana mbili hizo presha yaweza kuporomoka vibaya. Sema kweli. Ukiona haya mbele ya wakwe, mwombe nesi awatoe nje kwanza.