Usaili wa Uigizaji: Hatukukuuliza Wewe ni Mtoto wa Ngapi

Kwa miaka mingi nimekaa katika majopo ya usaili wa waigizaji jijini Dar es Salaam, na kauli ambayo masikio yangu yamechoka kuisikia ni hii: “Mimi ni mtoto wa tatu katika familia ya watoto watano, na nimeipenda sanaa tangu utotoni.” Wengi wameaminishwa kwamba agizo la “jieleze” lina jibu moja sahihi, ambalo huandikwa nyumbani, hukaririwa mbele ya kioo, kisha humwagwa lote mbele ya jopo bila hata kuvuta pumzi. Wapo hata wanaouziwa majibu hayo na watu wanaojiita walimu.

Ukweli ni kwamba habari za ukoo wako hatuzihitaji. Jina, umri na namba ya simu vimo tayari kwenye fomu. Tunachotaka ni kuisikia sauti yako kabla hujavaa uhusika, kuona macho yako yanatulia wapi unapofikiri, na zaidi ya yote kujua kama unasikiliza, kwa sababu sehemu kubwa ya uigizaji ni kusikiliza. Anayekariri maisha yake mwenyewe, ambayo hakuna ayajuaye kuliko yeye, atayakariri pia maneno ya mhusika, na nikimwomba arudie onyesho kwa hasira iliyofichwa badala ya kelele, atanirudishia kilekile cha mwanzo.

Msichana mmoja alianza hivyo hivyo, mikono imefungwa nyuma kama yuko mstarini shuleni. Nilimkatiza nikamuuliza amefikaje asubuhi ile. “Kwa daladala, Mwalimu,” akajibu, kisha akaurudia wasifu wake palepale alipouachia. Nikamuuliza nauli ilikuwa kiasi gani. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba konda hakumrudishia chenji yake: mabega yakashuka, mkono mmoja ukachomoka nyuma ya mgongo, akatuonyesha jinsi konda alivyougeukia mlango na kujifanya anaita abiria. Nusu dakika ile ilitufaa kuliko yote aliyoyakariri.

Sisemi mtu aje mikono mitupu. Andaa visa viwili au vitatu vya kweli, uvisimulie kwa mdomo kwa dada yako au jirani, na usiviandike kamwe, maana ukiviandika tu utavikariri. Kisha soma kurasa za muswada ulizopewa hadi uweze kusema mhusika ni nani, yuko wapi, anataka nini, kwa nani, na ni kipi kinachomzuia. Konstantin Stanislavski (1863–1938), mwongozaji wa tamthilia wa Kirusi, aliwazoeza waigizaji wake wa Moscow kuyachunguza mazingira ya mhusika kwa namna hiyo, na sijaona sababu ya kuacha.

Dhana nyingine ni kwamba kila ukiulizwa “unaweza?” ujibu “naweza”. Kijana mmoja alituhakikishia kwamba anajua kuendesha pikipiki. Siku ya kurekodi ikabainika kwamba anajua kupakiwa tu, na watu zaidi ya ishirini wakakaa juani wakimtafuta wa kuendesha badala yake. Jibu la “sijui, lakini nina wiki mbili za kujifunza” lisingemkosesha nafasi.

Wasiopita Bagamoyo, katika chuo cha sanaa cha TaSUBa, hudhani wakiulizwa uzoefu inawapasa kuomba radhi. Haiwapasi. Ngonjera za shuleni na maigizo ya kanisani ni uzoefu. Taja ulicheza nani na kipi kilikushinda.

Hatari kuliko zote ni imani kwamba swali lolote la mwenye kugawa nafasi lazima lijibiwe kwa heshima. Akikuuliza kama upo tayari “kujitoa” faragha ili upate nafasi, huo si mtihani wa ujasiri, wala hudaiwi jibu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalifanya kuwa kosa la jinai kwa mwenye mamlaka kudai ngono kama sharti la kutoa ajira au upendeleo. Chukua begi lako uondoke, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupokea taarifa kwa namba 113 bila malipo.