Jua la Dodoma na upepo wa tairi

Madereva wengi wa magari madogo, kabla ya kushika barabara ya Singida au Morogoro mchana, humwambia fundi apunguze upepo kidogo: jua ni kali, tairi isije ikapasuka. Hofu hiyo ina msingi, maana upepo hupanda tairi ikipata moto. Ila watengenezaji wameshalipigia hesabu ongezeko hilo. Kinachochemsha tairi zaidi ni upepo mdogo: ubavu hujikunja na kunyooka kila mzunguko, joto likazaliwa, na nguvu hiyo hutoka kwenye mafuta yako. Kwa wastani, matairi yote yakipungua psi 1 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), ulaji wa mafuta huongezeka kama asilimia 0.2. Ni kidogo, kweli. Mimi ningeogopa zaidi tairi kulika pembeni na huko kupasuka kwenyewe.

Kipimo sahihi kipo kwenye kibandiko, mara nyingi ukifungua mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kPa, kipimo kingine cha upepo. kPa 220 ni kama psi 32. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo tu, usiijazie hiyo. Pima asubuhi, gari halijatembea. Ukipima umeshafika Manyoni, tairi ya moto itasoma juu, usitoe upepo.