Nyumba ya Mji Mkongwe haiguswi?

Wengi Unguja na Lamu huamini kwamba mji ukishaingia Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, mwenye nyumba haruhusiwi hata kupigilia msumari. Mji Mkongwe uliingia mwaka 2000, Lamu 2001, na imani hiyo ina chanzo: kibali huombwa kweli, na pengine huchelewa.

Lakini orodha haihamishi umiliki. Nyumba hubaki ya mwenyewe, awe mtu, serikali au wakfu, na sheria inayomhusu ni ya nchi yake. Kinachodhibitiwa zaidi ni namna ya kujenga. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi huanza kuzila, na boriti za mikoko huoza vichwani. (Fundi wa chokaa atakuambia hili kabla hujamaliza kikombe cha kahawa.) Umeme, mabomba na vyoo vipya huwekwa, na nyumba kadhaa zimegeuzwa hoteli.

Orodha yenyewe inasomeka bure mtandaoni. Uliza ofisi ya uhifadhi nyumba yako imewekwa daraja gani la uhifadhi, na ukinyimwa kibali, omba sababu kwa maandishi.