Ngome ya Yesu: Si ya Wareno Peke Yao

Mwulize mwanafunzi yeyote Ngome ya Yesu ya Mombasa ni ya nani, naye atakujibu bila kusita: ya Wareno. Si uongo. Lakini jibu hilo limetukaa kichwani hadi tunaingia ngomeni, tunatoka, na mengi yaliyo mbele ya macho hatujayaona. Hebu tuhesabu miaka. Wareno walianza kujenga mwaka 1593 na wakatolewa 1698. Waliofuata, Waomani, kisha ukoo wa Mazrui, kisha ukoo wa Mabusaidi uliotawala Oman, walikaa humo karibu karne mbili. Waingereza wakaigeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Na makumbusho, yaliyofungua milango yake mwaka 1960, hivi sasa yamekwisha kudumu kuliko gereza lile.

Ngome imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ulioinuka kando ya bahari, mahali ambapo chombo chochote kinachoingia Bandari ya Kale hakina budi kupita chini yake. Mchoro wake ulitolewa na Giovanni Battista Cairati, mhandisi mzaliwa wa Milan, akimtumikia Mfalme Philip wa Pili wa Uhispania, ambaye wakati huo alikuwa pia mfalme wa Ureno. Sababu ya haraka ilikuwa Mturuki mmoja, Amir Ali Bey, aliyekuja pwani yetu mwaka 1585 na akarudi tena miaka michache baadaye. Mombasa ilimpokea vizuri mno, na Wareno wakaona kwamba bila ngome mji huu hautawakalia kimya.

Ukiwa chini ya kuta, tazama mahali mwamba unapoishia na jengo linapoanzia. Si rahisi kupaona. Mafundi waliuchonga mwamba wenyewe ukawa ukuta, kisha wakapandisha mawe na chokaa juu yake. Handaki la upande wa nchi kavu nalo limechimbwa katika mwamba huohuo. Buruji, yaani sehemu za kujihami zinazochomoza kwenye pembe za ngome, ni nne: São Filipe na São Alberto zinaelekea bara, São Mateus na São Matias zinaelekea bahari.

Juu ya lango kuna jiwe lenye maandishi ya mwaka 1635. Wageni wengi hulipiga picha wakaingia zao. Mimi ningewaomba wasimame kidogo, kwa sababu jiwe lile ni majibu ya Wareno kwa fedheha iliyowapata miaka minne kabla. Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto baba yake, sultani, alipouawa kwa hila iliyopangwa na Wareno. Wareno haohao wakampeleka yatima huyo Goa, makao yao makuu huko India, wakamsomesha, wakambatiza jina la Dom Jerónimo Chingulia, na mwishowe wakamrudisha Mombasa akalie kiti cha baba yake. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akarudi kwenye Uislamu na ngome ikawa yake. Kikosi cha Goa kilikuja mwaka uliofuata kikashindwa kumtoa. Yusuf aliondoka mwenyewe baadaye, akashika bahari, na ndipo Wareno waliporudi. Maandishi ya langoni yanajisifu jinsi kapteni Francisco de Seixas de Cabreira alivyoiadhibu miji ya pwani. Yasomeni kama maneno ya mtu aliyetishika.

Kisha kuna kuzingirwa kwa ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, Waomani wakiwa nje na Wareno ndani. Waliokufa kwa maradhi ngomeni walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa silaha. Kuna jambo moja la mwaka 1697 ambalo lingestahili kujulikana na kila mtoto wa pwani: ilifika wakati Wareno walikuwa karibu wote wamekwisha kufa, na walioilinda ngome ni Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, na jamaa zake, pamoja na Waafrika wachache, wengi wao wanawake. Waswahili walikuwa pande zote mbili za ukuta. Kila mji ulikuwa na hesabu zake na majirani zake, na Faza haikuwa na sababu ya kuwapenda maadui wa Wareno kuliko Wareno wenyewe.

Msaada ulipofika mwaka huohuo, ulikuja na manowari iitwayo Santo António de Tanná. Ilizama mbele ya ngome. Ililala mchangani kwa takriban miaka 280, mpaka wapiga mbizi wa akiolojia walipoifukua kati ya 1977 na 1980. Vitu vilivyotolewa humo vinaonekana katika makumbusho.

Baada ya Waomani kuitwaa ngome mwaka 1698, Wareno walirudi mara moja tu, mwaka 1728, na mwaka uliofuata watu wa Mombasa wenyewe wakawatoa. Mwaka 1741 liwali wa Kimazrui akakataa kuwatii watawala wapya wa Oman, na ukoo wake ukaitawala Mombasa kutoka ngomeni hadi 1837, Seyyid Said, sultani wa Kibusaidi, alipoitwaa. Hizi ndizo enzi zilizoupa ua wa ndani sura yake. Nyumba zilibomolewa, zikageuzwa, zikajengwa upya. Chumba cha baraza cha Mazrui na Nyumba ya Waomani iliyo juu ya buruji ya São Filipe ni za wakati huo. Mgeni anayetafuta Ureno tu atavipita kana kwamba ni nyongeza.

Ngome ilipoacha kuwa gereza mwaka 1958, ilikuwa imejaa vibanda na vifusi. Mfuko wa Calouste Gulbenkian wa Ureno ulitoa fedha za ukarabati, na mwanaakiolojia James Kirkman akasimamia uchimbaji. Ndani ya vifusi hivyo mlikuwa na kaure za Uchina, vigae vya mitungi na mabaki ya kila aliyewahi kula na kulala humo. Vikaunganishwa na vitu vya miji ya kale ya Gede, Manda na Ungwana, na hivyo jengo la vita likawa makumbusho ya pwani nzima. Kwangu mimi, kitu cha thamani kuliko vyote humo ni michoro ya ukutani iliyotoka buruji ya São Mateus: meli, makanisa na watu, vilivyochorwa kwa mkaa na udongo mwekundu na askari au mabaharia wa Kireno waliotaka kujaza saa zao. Hakuna aliyewaamuru wachore.

Watu hutuuliza sisi tunaoitunza ngome kwa nini hatupigi plasta ya saruji tukamaliza kazi. Jiwe la matumbawe lina vinyweleo, hunywa maji na chumvi ya bahari. Chokaa huruhusu unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, chumvi inakauka nyuma yake, na jiwe linamomonyoka taratibu mpaka plasta idondoke na uso wa ukuta. Ndiyo maana fundi wa chokaa ni mtu wa kuheshimiwa kazini kwetu. Kwa upande wa bahari, mawimbi yalikuwa yameula mwamba kiasi cha kutia hofu, na miaka ya karibuni umejengwa ukuta wa kuyapunguza nguvu.

Gereza ndilo tunalolizungumzia kidogo mno. Miaka 63 ya wafungwa, askari, wake waliosubiri nje na wapishi waliopeleka vyakula si jambo la kufungwa kwa sentensi moja. Askari aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1958 sasa anakaribia 90. Kama nyumbani kwenu Mji wa Kale, Likoni au popote yuko mzee aliyefanya kazi mle au aliyewahi kufungwa mle, au kuna picha na barua za wakati huo, kaeni naye mwandike anachokumbuka: jina la mlango, chakula cha siku, sauti ya kengele. Leteni nakala makumbusho. Msisafishe wala kubandua picha zilizogandana. Zifungeni kwa karatasi kavu, msitumie mfuko wa plastiki, na mzilete vilevile zilivyo.